Aliuvuta wenzo chini, mashine ikazidi kasi: je, ni uzembe?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda chenye mashine za kuchanganya. Mashine zetu za zamani, wenzo wa kasi ukiusukuma juu zinaongeza, ukiuvuta chini zinapunguza. Mwaka huu tumeletewa mbili kutoka nchi nyingine, nazo ni kinyume: chini ndiyo kuongeza. Wiki mbili zilizopita mzigo ulikwama. Opereta wangu mwenye uzoefu wa miaka 11 akauvuta wenzo chini kwa nguvu ili apunguze, mashine ikazidi kasi mpaka ukanda ukakatika. Hakuna aliyeumia. Nimemwandikia barua ya onyo, kwa sababu maelezo yamebandikwa palepale kwenye mashine na mafunzo alipata. Yeye anasema mkono ulikwenda wenyewe. Wenzangu wanasema watu wa nchi ilikotoka mashine wanafikiri tofauti na sisi. Je, ni uzembe, au kuna ukweli hapo? Na nifanyeje?

Jibu: Ndugu msimamizi, pole kwa hasara ya ukanda, na tushukuru kwamba hakuna aliyeumia. Nitaanza na opereta wako, maana mashine inaweza kusubiri, lakini yeye barua ameshaipokea. Anaposema mkono ulikwenda wenyewe, hatafuti kisingizio. Anakueleza kilichotokea, na amekieleza vizuri kuliko ripoti nyingi za ajali nilizosoma.

Mtu aliyeshika mashine ya namna moja kwa miaka 11 hafikirii tena mwelekeo wa wenzo, kama wewe usivyofikiri mguu upi ukanyage breki. Macho yanaona mzigo umekwama, mkono unashuka, na yote hayo yanaisha kabla wazo la "hii ni ile mpya" halijafika. Mafunzo uliyompa yamekaa kwenye sehemu ya akili inayokwenda polepole. Siku ya kawaida yanatosha, kwa sababu ana nafasi ya kujikumbusha. Mzigo ukikwama hana nafasi hiyo. Na karatasi iliyobandikwa kwenye mashine husomwa na mtu aliyetulia.

Haya yalichunguzwa kwa kina baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ajali nyingi za ndege za jeshi la Marekani zilikuwa zimeandikwa "kosa la rubani" na faili likafungwa. Mwaka 1947 mwanasaikolojia Paul Fitts na mwenzake Jones walitoa uchambuzi wa visa 460 vilivyoitwa kosa la rubani, wakauliza swali ambalo wakubwa hawakuwa wameuliza: rubani alikuwa anajaribu kufanya nini? Wakakuta makosa yanajirudia kwa mpangilio. Marubani walishika wenzo mmoja wakidhani ni mwingine, au walishika ulio sahihi wakausogeza upande usio sahihi. Kabla ya hapo, wakati wa vita, mwanasaikolojia mwingine, Alphonse Chapanis, alikuwa ameona kwamba kwenye ndege za B-17 swichi ya magurudumu na swichi ya mabawa madogo yanayosaidia kutua zilikaa jirani na zilifanana. Rubani alikuwa ameshatua salama, anataka kurudisha mabawa, anakunja magurudumu, ndege inalala kwa tumbo. Dawa ya Chapanis ilikuwa kuweka kishikio cha umbo la gurudumu kwenye swichi ya magurudumu na cha umbo la kabari kwenye ile nyingine, ili vidole vijue vimeshika nini hata gizani. Leo ukiingia chumba cha rubani utakuta wenzo wa magurudumu una kichwa cha umbo la gurudumu. Marubani walibaki walewale, swichi ndizo zilizobadilika.

Sasa nije kwa wenzako. Wamegusa ukweli, ila wameushika pabaya.

Chukua swichi ya taa ukutani. Marekani na Kanada, juu ndiyo kuwasha. Uingereza, Australia na India, chini ndiyo kuwasha. Akili ya Mkanada haikuumbwa tofauti na ya Mwaustralia. Kila mmoja alizaliwa akakuta swichi zimefungwa hivyo, akazibonyeza mara maelfu kabla ya kujua kusoma. Alichokizoea mkono ndicho anachokiona kuwa "kawaida", na akikutana na kinyume chake anasema imefungwa vibaya. Kwa hiyo tofauti kati ya watu na watu ipo, na ni kubwa, lakini chanzo chake ni mashine ya kwanza uliyoishika. Ndiyo maana watoto wawili wa mama mmoja waliokulia nchi mbili wanaweza kutofautiana, na wageni wawili wasiojuana lugha, waliofundishwa kwenye mtambo mmoja, wakafanana.

Kuna mielekeo iliyotoka kwenye vyuma vyenyewe. Bomba la maji la kawaida lina skrubu ndani. Ukiizungusha kufuata saa inashuka, inakandamiza raba, maji yanakatika. Kwenye bomba, basi, kufuata saa ni kupunguza. Redio iliyo hatua mbili kutoka hapo, kitufe cha sauti ukikizungusha kufuata saa kinaongeza. Mkono mmoja, nyumba moja, kanuni mbili zinazopingana, na karibu hakuna anayekosea, kwa sababu bomba halifanani na redio. Lishike hilo, nitalirudia nikifika kwenye mashine zako.

Mingine imetoka kwenye lugha, na hapa wahandisi wenyewe huteleza. Vali ikifunguliwa, kitu kinapita. Sakiti ikifunguliwa, umeme unakatika. Fundi bomba na fundi umeme wanatumia neno moja, "fungua", kwa matokeo yaliyo kinyume, na wote wako sahihi. Kichina kinatumia kitenzi kimoja kwa kufungua mlango na kuwasha taa, kwa hiyo mtu aliyekulia kwenye lugha hiyo akisikia taa "imefunguliwa" anaona mwanga. Hata herufi moja inatosha kuleta maumivu: bomba lenye C, kwa msomaji wa Kiingereza ni maji baridi, na kwa Mwitaliano, Mfaransa au Mhispania ni maji ya moto. Mtu ananyoosha mkono kwa imani kamili, anaungua.

Rangi nazo zina makwao. Watu wengi wanadhani nyekundu ni simama na kijani ni endelea, dunia nzima, basi. Ingia chumba cha kuendeshea mtambo wa umeme Marekani: taa nyekundu juu ya swichi kubwa maana yake sakiti imefungwa na umeme unapita, na kijani maana yake imekatwa. Mantiki yake ni ya fundi wa umeme: penye umeme ndipo penye hatari. Kwenye viwanda vingine vingi kijani ndiyo pampu inayozunguka, nyekundu imesimama. Mtu akitoka chumba kimoja kwenda kingine, taa ileile inamwambia jambo lililo kinyume. Kwenye masoko ya hisa ya China, Japani na Korea Kusini, nyekundu ni bei kupanda, na kijani au buluu ni kushuka, wakati New York na London wanasoma kinyume. Ukiajiri mtu, usimuulize tu kama anajua rangi. Muulize alizijulia wapi.

Mfano ulio wazi kuliko yote naona ni wa kifaa cha michezo ya video. PlayStation ilipotoka Japani mwaka 1994, kitufe cha duara kilikuwa kukubali na cha msalaba kilikuwa kukataa, kwa sababu Japani duara ndiyo alama ya jibu sahihi na msalaba ndiyo alama ya kosa. Michezo hiyo ilipouzwa Marekani na Ulaya, mara nyingi vitufe vilipinduliwa: msalaba ukawa kukubali. Kwa zaidi ya miaka 20 kifaa kilekile kiliishi na kanuni mbili. Mwaka 2020, kwenye PlayStation 5, kampuni ikaamua msalaba ni kukubali kila mahali, Japani ikiwemo, na wachezaji wa huko waliozoea duara tangu utotoni ilibidi vidole vyao vianze upya.

Tofauti kama hii kwenye mchezo inakuudhi tu. Kwenye mtambo inaua, na nataka nikueleze kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu kinafanana na cha opereta wako kwa namna inayonisumbua hadi leo.

Ndani ya ndege kuna chombo kinachomwonyesha rubani kama ndege imelala upande, hasa usiku au ndani ya mawingu anapokuwa haoni nje. Kwenye vyombo vya nchi za Magharibi, kipicha cha ndege kimekaa tuli na mstari wa upeo ndio unaoinama. Ndege ikilalia kulia, mstari unainamia kushoto. Kwenye vyombo vingi vilivyotengenezwa Umoja wa Kisovieti ilikuwa kinyume: mstari hauinami, kipicha cha ndege ndicho kinacholala. Vyote viwili vinasema kweli. Lakini ukikitazama cha Magharibi kwa jicho la Kisovieti, kitu kilichoinamia kushoto utakisoma kuwa ndege imelalia kushoto, na utaivuta kulia, yaani kule ilikokwisha kulalia.

Tarehe 10 Januari 2000, usiku, ndege aina ya Saab 340 ya shirika la Crossair ilipaa kutoka Zurich, Uswisi, na kuanguka baada ya dakika chache. Watu wote 10 waliokuwemo walikufa. Ilitakiwa kugeuka kushoto, ikaendelea kulalia kulia mpaka ikaporomoka kwa mzunguko. Kapteni alikuwa amejifunza kurusha ndege kwenye ndege za Kisovieti. Wachunguzi wa Uswisi walitaja mambo kadhaa yaliyochangia, na mojawapo ni kwamba kapteni, alipokisoma chombo chini ya msongo, alirudia namna aliyoizoea zamani. Swali hilohilo la chombo kinachosomwa kwa njia mbili liliibuka tena baada ya ndege ya Boeing 737 ya Aeroflot kuanguka karibu na Perm, Urusi, tarehe 14 Septemba 2008, watu 88 wakafa.

Yule kapteni alikuwa na leseni ya kurusha ndege hiyo, na alikuwa ameirusha safari nyingi. Zoea la kwanza halifutwi na la pili. Linafunikwa tu, na siku ya msukosuko kifuniko kinaondoka.

Marubani wa Poland waliokimbilia Uingereza mwaka 1940 walipambana na jambo hilihili. Kwenye ndege za kwao, wenzo wa nguvu ya injini ulivutwa nyuma kuongeza. Kwenye ndege za Uingereza ulisukumwa mbele. Watu hawa walikuwa na uzoefu wa vita kuliko wengi wa wenyeji wao, lakini ilibidi wageuze mikono yao kwanza kabla ya kupewa ndege za mapigano.

Mimi nililiona kwa macho yangu kwenye eskaveta. Mitambo hiyo ina mipangilio miwili mikuu ya nyenzo. Kwenye mmoja, mkono mkubwa unainuliwa na wenzo wa kushoto ukiuvuta nyuma. Kwenye mwingine kazi hiyo iko kwenye wenzo wa kulia, na ukiuvuta nyuma wa kushoto, mkono wa mbele unakunjwa kuelekea kwa opereta. Bwana mmoja aliyekuwa amezoea mpangilio wa kwanza alipanda mtambo wenye wa pili. Kwa karibu saa nzima alikwenda vizuri, polepole, midomo ikitembea kama anayejihesabia. Kisha jiwe likateleza ukingoni mwa kijiko. Mkono wake wa kushoto ukaruka nyuma, ili ainue. Kijiko kikaja kwake, na jiwe ndani yake, mpaka karibu na kioo cha kibanda. Aliposhuka alikuwa anatetemeka, na aliniambia hakumbuki kabisa kuuvuta ule wenzo. Nilimwamini.

Turudi kwenye mashine zako. Nilisema bomba na redio havichanganyi mtu kwa sababu havifanani. Mashine zako mpya zina ubaya wa pili: zinafanya kazi ileile ya zile za zamani, nadhani ziko kwenye ukumbi uleule, na wenzo umekaa mahali palepale. Kila kitu kinauambia mkono kwamba hii ni ile. Kama ningetakiwa kutengeneza mtego kwa makusudi, ningeutengeneza hivyo.

Kwa hiyo jambo la kwanza, mwandikie mtengenezaji uulize kama mwelekeo wa wenzo unaweza kugeuzwa. Kwenye mashine nyingi wenzo wa kasi hausukumi chuma chochote. Unapeleka ishara tu kwenye kidhibiti, na kugeuza ni kazi ndogo ya nyaya au ya mpangilio. Afanye fundi mwenye ruhusa, iandikwe kwenye vitabu vya mashine, ijaribiwe bila mzigo. Usimruhusu fundi wa zamu ageuze kimyakimya Jumamosi, kwa sababu Jumatatu utakuwa na mashine ambayo kitabu chake kinasema uongo. Unayo hoja nzuri ya kumpa mtengenezaji: kiwango cha IEC 60447, cha shirika la kimataifa la viwango vya umeme, kinataka kusogeza juu, kulia, au kufuata saa kuwe ndiko kuongeza.

Na mkigeuza, geuzeni zote mbili siku moja. Sweden ilipohama kuendesha kushoto kwenda kulia, nchi nzima ilihama alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967, kwa wakati mmoja kwa wote. Mabaharia nao wana somo. Zamani amri ya usukani ilitaja upande wa kana, ule mti wa kushikia usukani, ambao huenda kinyume na chombo kinakogeukia. Usiku wa Titanic mwaka 1912, amri iliyotaja upande wa kulia ndiyo iliyopeleka omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, kushoto, na wote kwenye chumba cha kuongozea meli walielewa hivyo. Amri hizo zilipobadilishwa kwenye meli za Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1930, zilibadilishwa kwa sheria, kwa meli zote. Kibaya kuliko kanuni yoyote ni kanuni mbili ndani ya ukumbi mmoja.

Ikishindikana kugeuza, vunja ule mfanano. Ondoa wenzo, weka kitufe cha kuzungusha, au hata vitufe viwili tofauti vya kuongeza na kupunguza. Mkono unaotafuta wenzo usiukute. Hapo utasita, na kusita huko ndiko unakokutaka, maana ndiko kunakoipa akili nafasi ya kufika. Kubandika karatasi kubwa zaidi, au kupaka wenzo rangi, sitakushauri kama dawa ya peke yake.

Kabla ya kununua mashine nyingine, fanya jaribio hili, halina gharama. Chora ubao wa mashine usio na maandishi, au funika maandishi ya mashine iliyozimwa. Ita waendeshaji mmoja mmoja, wasisikilizane. Sema ghafla, "Mzigo umekwama, punguza!" na utazame mkono. Usimuulize "ungesogeza upande gani?", kwa sababu mdomo unajibu alichofundishwa na mkono unajibu alichozoea, na wewe unautafuta mkono. Wakienda upande mmoja watu tisa kati ya kumi, nunua mashine inayokwenda upande huo. Wakigawanyika nusu kwa nusu, jambo ambalo hutokea sana ukiwa na watu waliotoka sehemu mbalimbali, jua kwamba hakuna mwelekeo utakaowafaa wote, na usalama usiutegemeze kwenye mwelekeo kabisa.

Hilo linanileta kwenye kitufe cha kusimamisha dharura, kile chekundu chenye kichwa cha uyoga juu ya njano. Hicho hakina juu wala chini, kushoto wala kulia. Unakipiga tu, popote ulipojifunza kazi. Mzigo ukikwama, utaratibu wenu uwe kukipiga hicho, na kupunguza kasi kusiwe jibu la kukwama hata kidogo. Kipime kiko wapi: kama opereta inabidi avuke wenzo ili akifikie, kisogezwe. Kisha fanyeni mazoezi ya kukwama kwa uongo, mashine ikizunguka tupu, mara nyingi, kwa ghafla, mpaka mkono uende huko bila kuulizwa. Nusu saa ya hayo kila wiki inafundisha kuliko siku nzima ya darasani. Hakikisheni pia kitufe cha kuwashia si chekundu. Kiwango cha IEC 60204-1 kinakataza, na bado nakutana navyo.

Mpaka marekebisho yakamilike, opereta mmoja asipangiwe mashine mpya na ya zamani katika zamu moja. Kurukaruka kati ya hizo mbili ndiko kunakomchosha mtu na kumvuruga.

Kuhusu barua, ningeiondoa kwenye faili, na ningemwambia ana kwa ana kwa nini. Wapo waendeshaji wengine ambao mikono yao imeshakwenda chini kwa bahati mbaya, mzigo ukiwa mwepesi, nao wakanyamaza kwa sababu wameona mwenzao alivyoandikiwa. Hao ndio unaohitaji kuwasikia wiki hii, kabla hujamwandikia mtengenezaji. Anza na huyu wa miaka 11: mkae naye mbele ya mashine iliyozimwa, akuonyeshe mkono wake ulivyokwenda, na uandike anachokueleza.